Karatasi ya Buluu ya Mama Halvorsen

Jumatatu, 3 Machi
Rais ameniteua! Mimi, Wendell Stroud, wakili wa talaka na mipaka ya mashamba, kuwa jaji wa shirikisho. Cheo cha maisha! Joho nimeshaagiza. Mke wangu Lorna kauliza kama nitalivaa hata mezani. Kwa nini nisilivae?

Imebaki Seneti kunithibitisha. Lakini kwanza kuna kijikaratasi cha buluu. Kwenye katiba hakimo, ni mazoea tu ya wazee wa Seneti: maseneta wawili wa jimbo lako hutumiwa kila mmoja chake asaini kuridhia, na mmoja tu asiporudisha, jina lako linaozea kabatini. Wa kwanza kesharudisha. Wa pili, Mama Halvorsen, kimya.

Ijumaa, 7 Machi
Karamu ya samaki wa Kwaresima, ukumbi wa kanisa. Seneta mwenyewe kafunga aproni, anagawa kachumbari ya kabeji. Nikapanga foleni mara tatu. Mara ya tatu nikajitambulisha: ndimi niliyeipeleka mahakamani ile sheria yake ya lebo za jibini, enzi zake za bunge la jimbo, ikafutwa yote. Nikamkumbusha jaji alivyosema ina matundu mengi kuliko jibini lenyewe. Ajue naijua kazi!

Akanitazama. Akasema, "Chukua na mkate, bwana, foleni inasubiri."

Nimempata. Lorna anasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wivu.

Jumanne, 18 Machi
Karatasi haijarudi. Clifton Baus, wakili wa ofisi ya mkabala, mtu asiye na maneno wala nyota, kanishauri nitulie, eti mambo ya Seneti yana mwendo wake. Aha! Anataka nilale.

Sikulala. Nimemshtaki Seneta. Naomba mahakama imwamuru asaini. Hebu fikiria: jaji anamwamuru mtunga sheria amsaidie Rais kunifanya jaji. Mihimili yote mitatu inanitumikia kwa kesi moja! Nimejipongeza kwa kipande cha pai.

Alhamisi, 27 Machi
Dakika sita! Jaji Imogene Tuttle hakunipa hata saba. Kasema mahakama haiwezi kumshika seneta mkono ili asaini. Seneti ina nyumba yake na taratibu zake. Kisha kaniuliza, mbele ya watu, kama katika somo la katiba nilikuwa nasinzia. Karani alicheka mpaka akadondosha mafaili. Nimeumia. Nimeumia kweli.

Jumatano, 2 Aprili
Ikulu wameondoa jina langu. Wameteua mwingine. Baus! Karatasi yake imerudi siku hiyohiyo.

Jioni Mama Halvorsen kanipigia mwenyewe. Sauti ya upole, ndiyo iliyoniuma. Eti yale ya jibini hayakumkera. Kwa kuwa nilimshinda kwa haki, aliniona nafaa kuwa jaji. Karatasi yangu alishaisaini, imo kwenye bahasha, stempu juu. Asubuhi ya tarehe kumi na tisa anaipeleka posta, mlangoni akakabidhiwa hati ya mashtaka yangu. Akarudi ndani akaichana ile karatasi ya buluu. "Jaji asiyejua mipaka ya mahakama, bwana wee, tutampeleka wapi?"

Lorna kaniuliza nimejifunza nini.

Nimejifunza. Ilifaa nimshtaki wiki moja mapema.