Matanga ya Mchapishaji

Damas alishuka Tabora na begi la taa za sola ambazo hazikuwaka hata zikianikwa juani siku nzima, na kabla hajauza hata moja akaona biashara iliyo bora kuliko taa. Alikuwa Kwihara, amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa makumbusho akivizia watalii, akamwona dada mmoja anamhoji mlinzi kwa bidii ya ajabu. Wapagazi wa zamani walilala upande gani? Maji walichota wapi? Aliyeugua njiani walimfanyaje?

"Dada, unafanya kazi ofisi gani?" Damas akamuuliza dada yule, mlinzi alipoondoka.

"Sina ofisi. Naandika makala za safari."

"Nani anakulipa?"

Dada akatazama viatu vyake. "Kwa sasa naweka tu mtandaoni. Watu wanapenda."

Damas alikaribia kudondosha begi. Miaka yote alikuwa anatapeli kwa jasho: adanganye, akimbie, abadilishe laini ya simu, ahame mji. Na huyu hapa amesimama mtu anayefanya kazi bila malipo, kwa nauli yake mwenyewe, na anayeona haya ni yeye. Damas alimshukuru Mungu palepale, kwa sababu hata tapeli ana Mungu wake.

Dada yule aliitwa Theodora, wa Ntalikwa. Kupitia kwake Damas akampata Lugembe wa Puge, bwana mrefu aliyezunguka vijiji vya Nzega kwa baiskeli akikusanya habari za njia ya zamani ya misafara, na Ruaa, binti wa mjini, wa familia ya wafanyabiashara, aliyeandika na kupiga picha. Wote walikuwa waandishi wa kujitegemea, maana yake hawakuwa na wa kumtegemea. Basi Damas akawaanzishia jarida. Jarida lenyewe liliishi kwenye kadi moja ya biashara, lakini kadi ilikuwa nzuri, ina picha ya pembe ya ndovu.

Kila jarida lina mkubwa wake. Mkubwa wa hili, alisema Damas, ni mjomba wake, Mzee Mwinshehe, mchapishaji mashuhuri wa Dar es Salaam, Mzaramo wa Maneromango. Na siku hiyohiyo Damas naye akawa Mzaramo. Kabila lake la kweli hakulijua mtu. Alikuwa akichagua kabila kama mwingine anavyochagua nyanya sokoni, anaminya kwanza. Hili alilichagua kwa sababu Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, ni watani wa Wazaramo tangu enzi za wapagazi kushuka pwani. Mtani atakutukana, atakula chakula chako, atakuvua kofia aende nayo, nawe utacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Alikula utani ule mwaka mzima. Theodora akiuliza malipo, Damas anapiga makofi: "Mnyamwezi wewe! Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, kurasa kumi zinakuelemea?" Theodora anacheka, afanyeje, ndiyo mila. Kisha Damas anashusha sauti: "Lakini wewe ni wangu. Makala zako nimeziwekea mara mbili ya wenzako. Usiwaambie, wataona wivu. Subiri tu mjomba afunge hesabu. Na kumbuka, fedha huisha, jina hubaki."

Maneno hayohayo alimwambia Lugembe. Maneno hayohayo alimwambia Ruaa, ila kwake aliongeza salamu ya asalaam aleikum. Na wote watatu, watu wenye akili, wenye elimu, waliofundishwa kuuliza maswali, walinyamaza. Kila mmoja alijiona mteule, akawahurumia wenzake kwa siri. Mimi nasema walistahili kuchapwa fimbo moja moja kabla hatujafika kwa Damas. Theodora aliiweka rehani cherehani ya marehemu mama yake ili afike Ujiji kuandika mwisho wa njia ile, na mwenye duka alimpa mwezi mmoja tu aikomboe. Hakumwambia mtu. Aliona haya.

Kwa upande wa pili wa biashara alikuwepo Bi Khole, mwenye nyumba ya wageni ambamo Damas alilala bure kwa cheo cha mhariri. Bi Khole alitaka kitabu cha mwongozo wa watalii, na ndani yake babu yake awe ndiye aliyewapokea wasafiri wote wakubwa waliowahi kupita Tabora.

"Wote, Bi Khole?"

"Wote. Na nyumba ya binamu yangu Yaqoub isitajwe. Pale walikuwa wanafunga punda."

"Itaandikwa hivyo," Damas akasema kwa heshima, na wiki iliyofuata akapokea kwa Yaqoub fedha za kuandika kwamba punda walifungwa kwa Bi Khole.

Hatimaye Bi Khole akatoa gharama yote ya kitabu, taslimu, na malipo ya waandishi humohumo. Damas akazifunga kwenye bahasha, bahasha akaiviringisha ndani ya suruali, suruali akaisukumia chini kabisa ya begi. Basi la Dar lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Alikuwa anafunga zipu huku akiimba kidogo, akasikia hodi. Barazani walisimama Theodora, Lugembe na Ruaa, wote kwa pamoja, jambo ambalo kwa mwaka mzima alikuwa amelizuia lisitokee.

"Treni ilichelewa Bukene," Theodora akaeleza kwa upole. "Tukakaa stesheni mimi na Lugembe. Nikamwonea huruma, nikamnunulia chai, maana nilijua namzidi malipo. Naye akaninunulia andazi, kwa sababu hiyohiyo."

"Tukaulizana umelipwa ngapi," Lugembe akasema. "Hata andazi halikwisha. Tukampigia Ruaa."

"Tunataka haki yetu leo," Ruaa akamalizia.

Damas alijaribu utani, lakini safari hii hakucheka mtu. Akaona begi, akaona mlango, akaona urefu wa Lugembe. Ndipo akafanya alichokuwa anafanya vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Kigoma na bandari ya Dar: akaanguka kwenye kiti na kulia machozi ya kweli.

"Mjomba amefariki! Mzee Mwinshehe hatunaye! Nimepigiwa simu sasa hivi. Mshikeni mfiwa shingoni, jamani, mumdai!"

Waandishi wakatazamana. Theodora alikuwa wa kwanza kukaa chini. "Pole sana, mtani," akasema. "Mzee mwenyewe ni Mzaramo kabisa, siyo? Wa Maneromango?"

"Mzaramo damu!" Damas akalia kwa nguvu zaidi. "Wa baba na mama!"

"Basi msiba huu ni wetu pia," Theodora akasema, na wakaondoka kimya.

Damas akafuta machozi, akajipongeza. Lakini msiba kwa watu wetu haukai chumbani. Bi Khole alikuwa amesikia kilio, akatandika mikeka uani, akaita majirani, na kufikia alasiri mfiwa alikuwa amekaa kwenye mkeka na sinia la rambirambi mbele yake, akipokea. Walitoa wauza vitumbua, akatoa fundi baiskeli, hata Yaqoub alikuja akatoa noti mbele ya Bi Khole ili aonekane. Damas aliinamisha kichwa kila noti ilipoanguka. Alijilaumu jambo moja tu, kwamba hajawahi kuua ndugu mapema.

Asubuhi akatoka na begi lake begani, amevaa uso wa huzuni, akaukuta ua umejaa watu. Katikati yao walikuwa Theodora na Lugembe, wamejipaka majivu usoni, wamevaa magunia, na nyuma yao kundi la Wanyamwezi na Wasukuma wa mtaa mzima wakipiga madebe. Ruaa alikaa kwenye kiti na simu yake ameinyoosha.

"Mwangaluka, Mzaramo!" Lugembe akanguruma. "Watani tumefika kuzika!"

"Asanteni, watani, ila nawahi basi..."

"Mfiwa hatoki mpaka watani wapewe chao. Maiti iko wapi?"

"Iko Dar, ndugu yangu."

"Hatuna maiti," Lugembe akawatangazia watu. "Tupewe nini?"

"Begi!" wakajibu wote.

Kabla Damas hajafumba mdomo, begi lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, limefunikwa kanga ya Bi Khole, na Theodora amelala juu yake akiomboleza. Lugembe akaanza kumwigiza marehemu, kama watani wanavyofanya misibani, ingawa marehemu hakupata kuonwa na mtu. Alitembea kifua mbele, akashika kadi ya biashara ya kufikirika. "Mimi ndimi Mwinshehe! Leo sina, kesho sina, mwisho wa mwezi nafunga hesabu! Wewe nakupenda kuliko wenzako, usiwaambie! Fedha huisha, jina hubaki!" Ua ukaanguka kwa kicheko. Bi Khole alishika mbavu, akamwegemea Yaqoub ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu Idi iliyopita.

Damas hakucheka. Ndani ya begi ilikuwamo suruali, na ndani ya suruali ulikuwamo mwaka mzima. Akatafuta mlango wa kutokea kichwani mwake, akakuta miwili tu. Akisema hakuna msiba, basi amekula rambirambi za mtaa mzima, na mtaa mzima uko hapa na mikono yao. Akisema msiba upo, basi hawa ni watani, mila imewapa ruhusa, na kukasirika hawezi.

"Watani," akasema kwa sauti nyembamba, "chukueni sinia la rambirambi. Lote."

"Sinia ni la majirani, litarudi kwa majirani," Theodora akajibu bila kuinuka. "Sisi tunatafuta sanda." Akafungua zipu. Akatoa taa moja, akajaribu kuiwasha, akaiweka kando. Akatoa suruali, akaikung'uta, bahasha ikaanguka kwenye mkeka ikatema noti.

Kicheko kikakatika. Bi Khole akaitambua bahasha yake.

"Damas, hizo si zangu za kitabu? Na waandishi si uliniambia umekwisha kuwalipa?"

Damas akaivuta kanga iliyofunika begi, akajifunika uso.

Waandishi walichukua malipo yao hapohapo, mbele ya macho ya watu, kila mmoja akitaja kwa sauti kubwa anachochukua na kwa makala zipi, na bei ilikuwa moja kwa wote. Theodora alipozishika zake alilia, na hayo hayakuwa machozi ya matanga. Cherehani ya mama yake ilikuwa bado dukani, na mwezi haujaisha. Zilizobaki alimrudishia Bi Khole.

"Kitabu tutakuandikia sisi," akamwambia. "Nusu kabla ya kazi, nusu baada."

"Na babu yangu?"

"Tutaandika alikuwepo."

"Na punda?" Yaqoub akauliza.

"Punda tutawafunga kwenu wote wawili."

Ikabaki nauli ya mfiwa. Watani hawamtupi mtu njiani. Wakamkatia tiketi, siti ya nyuma, wakamsindikiza stendi kwa madebe na nyimbo, begi la taa kichwani mwake. Alibeba mwenyewe. Lugembe alikuwa amesema wapagazi siku hizi ni aghali.

Konda alipomwona akatazama simu yake, kisha akamtazama tena. "Kaka, wewe si ndiye mfiwa wa Mwinshehe?" Picha za Ruaa zilikuwa zimetangulia, na basi zima likageuza shingo. Mama mmoja akamuuliza kama marehemu ameacha taa.

Damas akajikunyata dirishani. Theodora akasogea chini ya kioo, majivu bado usoni, akampungia mkono.

"Safari njema, mtani. Usihuzunike. Fedha huisha, jina hubaki."