Stoo Yangu Itaishinda ya Mwanyumba

Jumamosi, 7 Machi

Mke wangu kachelewa tena. Alikuwa kwa mdogo wake, mtaa wa pili, anashona. Kaingia anatabasamu, na tabasamu lenyewe si langu. Hata viatu hajavua, kaanza: shemeji kafanya hivi, shemeji kafanya vile.

Shemeji yake huyo ni mwanyumba wangu. Mimi nimeoa dada mtu, yeye kaoa mdogo mtu, kwa hiyo mkubwa ni mimi. Nani anakumbuka?

Basi bwana huyo kasafisha stoo yake. Kapaka rangi, kafunga taa, kaingiza meza, na sasa ni chumba cha kushonea. Mke wangu anasema stoo ile inanukia vizuri. Stoo! Miaka yote hii ya ndoa sijasikia akisema mimi nanukia vizuri.

Nikamuuliza kwa upole kwa nini asishonee hapa hapa, si cherehani anayo? Akajibu kwamba anayo, ila iko ndani ya stoo yetu, na stoo yetu haingii mtu mpaka aage kwanza.

Nimeona donge. Hapa hakuna wa kunicheka, kwa hiyo naandika: nina wivu. Jioni zote mke wangu anazimalizia kwa mwanamume mwingine, anasifia rafu zake. Sasa basi! Nitaigeuza stoo yetu iwe chumba cha kushonea kinachokizidi chake, kwa siri, na mke wangu atashinda nyumbani.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu kaenda huko huko. Nikafungua stoo. Ufagio ukanidondokea utosini. Nikafunga. Nikanywa maji. Nikafungua tena.

Lahaula! Feni isiyozunguka. Redio niliyoipasua tumbo nikaahidi kuitengeneza. Miavuli iliyobaki mbavu. Godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, na ndani yake kuna kitu kinatembea. Maboksi juu ya maboksi, mengine nimeyafunga gundi kwa mikono yangu na sikumbuki niliogopa nini kisitoke.

Kutupa sasa ndiyo kazi. Kila nikishika kitu roho inakataa. Mwavuli unaweza kupata kitambaa. Redio inaweza kusema tena. Kutwa nzima nilifaulu kutupa kifuniko cha chupa, na hicho nacho nikakifuata jalalani.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepata akili! Imenijia kikaoni, bosi akiwa katikati ya hotuba. Nikapiga meza kwa furaha. Bosi akadhani nimeunga mkono hoja, akanishukuru.

Akili yenyewe ni hii: vitu vyote viende kwenye stoo ya mwanyumba. Yangu inakuwa tupu, yake inajaa. Mke wangu atapata wapi pa kukaa na kusifia?

Nikaomba ruhusa, tumbo linauma. Nikamwita mwenye mkokoteni. Tukapakia mbio mbio, hatukufungua boksi hata moja. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, nilimkuta peke yake. Nikamwambia ni kwa siku chache tu, na dada yake asijue kitu, kuna jambo namwandalia. Mtoto wa watu akafurahi mpaka akanisaidia kubeba. Maboksi nikayapanga mpaka juu ya meza. Godoro nikaliegemeza dirishani, chumba kikawa giza. Nikatoka napiga mluzi.

Jioni mke wangu karudi mapema, kanuna. Mdogo wake kafunga chumba, anasema kuna kazi inafanyika. Nikampa pole. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Akakaa karibu yangu sebuleni, kama zamani. Akaanza kunisimulia mambo ya kazini kwake, kuna mwenzao kafanya jambo la ajabu sana. Sijui ni jambo gani. Nilikuwa napima rafu kichwani.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya rangi. Nilimuuliza muuza rangi mwanyumba alinunua ipi. Njano iliyopoa, akasema. Nikamwambia anipe iliyo kali kuliko hiyo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia afanye kazi yake.

Nimepaka. Njano kweli kweli! Ukiingia, macho yanatoa machozi yenyewe. Ya mwanyumba ukiiweka hapa itaonekana mgonjwa.

Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Mke wangu nimemwambia kuna panya, nimeweka sumu. Kauliza na hii njano sikioni ni ya panya pia? Nikasema ofisini wanapaka rangi. Akaguna.

Ijumaa, 13 Machi

Siku ya aibu. Naandika haraka kabla sijabadili nia.

Leo sikwenda kazini. Niliingia stoo na mbao zangu, nikajifungia ili jirani asichungulie. Mwanyumba ana rafu nyembamba ukutani. Mimi nikapiga rafu pana, nene, inaanzia ukuta huu inaishia ukuta ule, usawa wa kifua. Misumari nikaipigilia yote. Nikaipiga ngumi. Haitikisiki! Nikataka kutoka nje niitazame kwa mbali.

Mlango wa stoo yetu unafungukia ndani. Nimeufungua miaka nenda miaka rudi, na leo ndiyo nimelitambua jambo hilo. Rafu imekaa mbele yake sawasawa. Nikivuta mlango, unagonga rafu. Nikisukuma, hauendi.

Nyundo ninayo. Ningeweza kuing'oa rafu nikatoka. Thubutu! Niivunje rafu inayoizidi ya mwanyumba kabla mke wangu hajaiona? Nikageuza kopo la rangi, nikakalia. Nikapiga moyo konde. Atanikuta humu humu, rafu ikiwa nzima.

Kopo ni gumu. Na ile harufu ya rangi!

Mke wangu akarudi. Na nani? Na mwanyumba, kamsindikiza, kambebea mfuko wa vitambaa. Nilisikia sauti yake nikaona donge upya, gizani, juu ya kopo. Wakaniita. Ikabidi niitike. Mwanyumba akauliza kwa adabu, kupitia tundu la ufunguo, kama huko ndani nina nyundo. Nikasema ninayo. Akauliza sasa tatizo ni nini. Nikasema rafu imeziba mlango, na siwezi kuivunja.

Hakucheka. Laiti angecheka! Alijikohoza tu, na ile adabu yake ndiyo inayonikata maini.

Mke wangu akasema nichague, rafu au ndoa. Sauti yake ninaijua. Nikaing'oa.

Mlango ukafunguka. Nimesimama pale, wa njano kuanzia nywele, nyundo mkononi. Kabla sijamaliza kunawa, mwanyumba alishaikata rafu ile, akaigeuza, akaipigilia ukuta wa nyuma. Imekaa vizuri. Sitaki kuandika imekaa vizuri kiasi gani.

Lakini mke wangu aliingia. Akagusa ukuta. Akauliza, chumba hiki ni changu? Nikasema ni chako, mke wangu, ushonee hapa nyumbani. Akanitazama. Akanitazama hasa, si kunipitia macho kama anavyofanya siku hizi. Jamani! Nilitaka dunia isimame pale pale, mwanyumba akiwa shahidi.

Kisha akauliza cherehani yake iko wapi.

Maboksi! Sikufungua boksi hata moja.

Mwanyumba akajikohoza tena. Akaeleza kwamba alisikia kitu kinatembea kwenye godoro, akaogopa panya wasitafune vitu vyangu, ndipo akafungua maboksi. Akaikuta cherehani. Akaitia mafuta, akabadilisha mkanda, sasa inashona kama mpya. Na feni nayo kaitengeneza. Alitaka tushtukie tu.

Mke wangu akamwaga sifa. Ndani ya chumba changu! Mbele ya ukuta wangu!

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda kuchukua mali yangu. Nikapiga hodi kwa sauti nzito.

Loo! Cherehani ya mke wangu na ya mdogo wake zimekaa ubavu kwa ubavu. Feni yangu inawapuliza. Redio yangu inaimba. Yangu mimi, inamwimbia yeye! Dada mtu na mdogo mtu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mwanyumba kashika pindo la kitambaa, anawasimulia upuuzi fulani wa kazini kwake. Wakaniambia karibu, kaa. Nikasema sikuja kukaa, nimefuata cherehani. Mke wangu akaomba ibaki kwanza, yuko katikati ya gauni.

Nikarudi peke yangu. Nikakaa kwenye chumba cha njano, macho yakanitoka machozi. Ilikuwa rangi.

Jumapili, 15 Machi

Leo mke wangu kaniweka kitako. Kasema chumba ni kizuri, na hakuna aliyewahi kumfanyia jambo kama hilo, na cherehani ataileta. Lakini kwa mdogo wake ataendelea kwenda, na hiyo siyo kwa sababu ya rangi wala taa. Kule kuna maongezi. Hapa yeye anaongea na mimi natazama ukuta. Kanishika mkono. Kasema kesho jioni twende wote, nikae tu nao, tupige soga, tucheke. Hataki kitu kingine. Ananikumbuka, kasema, na huku tunaishi nyumba moja.

Nilikaribia kulia. Maneno yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia nimemwelewa, na kweli nimemwelewa.

Tukae, kasema. Kule wanakaa! Mwanyumba ana benchi, nililiona jana, liko chini ya dirisha. Kwangu nani atakaa, na cha kukalia ni kopo? Nitatengeneza benchi. Refu kuliko lake, lenye egemeo, na mto juu. Hapo tutaona soga zinapigwa nyumba ya nani.

Nimemwambia kesho sitaweza kwenda, wala wiki hii yote, nina kazi ya muhimu. Akaniachia mkono. Akasema haya, akabeba vitambaa vyake, akatoka.

Laiti angejua ninachomwandalia!