Ua la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku kubwa! Mama mkwe ameondoka asubuhi kwenda kumuuguza dada yake. Atarudi wiki ijayo. Kabla ya kupanda teksi ametugawia kazi. Mwanyumba wangu, yaani yule fundi friji aliyemuoa dada yake mke wangu, amepewa geti na taa. Mimi nimepewa ua.

Na si ua hivi hivi. Ni lile la ajabu la dirishani kwake, ambalo marehemu baba mkwe alilileta kutoka ng'ambo likiwa limefichwa ndani ya soksi. Halina jani hata moja. Ni vidole vinene vya kijani vilivyosimama kwenye chungu kidogo, kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa darasani. Mama mkwe analiita Nyota. Hakuna anayeruhusiwa hata kulipumulia. Leo nimekabidhiwa mimi. Mwanyumba amekabidhiwa bawaba!

Maagizo nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: huo ua niumwagie maji kila asubuhi, ndoo nzima, na nihakikishe ua wote umelowa. "Huo ua." "Ua wote." Masikini, ngeli zimemshinda mama wa watu. Ni hilo ua, ni ua lote. Mimi ni mwandika mabango, kosa la ngeli hunikosesha usingizi. Lakini mkwe hasahihishwi mbele ya dereva wa teksi. Nikainamisha kichwa, nikasema sawa mama.

Kinachogombewa ni chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Mpangaji amehama. Sote tunaishi nyumba hii moja, sisi upande wa nyuma, akina mwanyumba upande wa geti, na mama mkwe amesema chumba atampa mkwe atakayeonyesha kwamba anajua kutunza vitu vya watu. Mwanyumba anakitaka kwa friji zake mbovu. Mimi, tangu kibanda changu kivunjwe kupisha barabara, naandikia mabango chumbani tunapolala. Mke wangu ameshatoa kauli: ama rangi itoke, ama atoke yeye.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Tatizo la kitaalamu. Chungu cha Nyota ni kidogo kama birika, na ndoo ni ndoo. Nilipomimina, maji yote yaliishia kwenye zulia la mama mkwe. Nimelianika zulia juu ya kochi, haitajulikana.

Nikawaza kama mhandisi. Badala ya kumimina ndoo kwenye chungu, nimetumbukiza chungu kwenye ndoo. Ndoo nzima, ua lote limelowa, agizo limetimia hadi nukta ya mwisho! Nimelihamishia chumbani kwetu, chini ya meza ya rangi, mbali na macho ya mwanyumba.

Baadaye nimetazama video kwenye simu. Jamaa mmoja mwenye glovu anasema mimea ya vidole vinene huweka maji yake mwilini. Eti ipewe mchanga na kokoto, jua la asubuhi, na vijiko vichache tu vya maji pale udongo unapokauka hadi chini. Eti maji yakizidi, shina huoza kuanzia kwenye mizizi. Nani anamjua huyu? Mama mkwe amekaa na Nyota tangu mke wangu akiwa shule ya msingi. Nimezima.

Mwanyumba ametia grisi bawaba za geti huku akipiga mluzi. Ule mluzi ulinilenga mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

TUMBA! Pembeni ya kidole kimoja pametokea kitu cha kijani, kimevimba kama puto, leo kimefikia ukubwa wa ngumi. Nyota linataka kuchanua! Mama mkwe husema mara ya mwisho lilichanua baba mkwe akiwa hai. Na sasa litachanua mikononi mwangu! Nimezunguka nyumba nzima nikiwaambia watu, kisha nikavuka barabara nikamwambia fundi cherehani, ambaye alisema hongera bila kuinua macho kwenye suruali.

Mke wangu hana raha. Analalamika vumbi. Tangu mama yake aondoke, hakuna anayerashia maji huko uwani, na vumbi lote linaingia ndani, kwenye shuka, kwenye sukari, kwenye masikio ya mtoto. Kaniuliza nani aliachiwa kazi hiyo. Nikamwambia bila shaka ni mwanyumba, maana geti liko uwani. Tukamwita. Mwanyumba akasema yeye aliambiwa geti na taa tu, na vumbi si geti wala si taa. Mvivu wa kutupwa.

Mke wangu akashika kopo arashie mwenyewe. Nikamzuia! Nikamvuta pembeni nikamweleza mpango. Tuliache vumbi lizidi. Mama akirudi akute jangwa, kitumbua cha mwanyumba kitakuwa kimeingia mchanga, tena mchanga halisi. Mke wangu akaliweka kopo chini. Akasema wakati mwingine anajiuliza kama alipoolewa alikuwa na homa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Limechanua! Nyota yenye pembe tano, pana kama sahani, rangi ya maini, imeota vinywele laini pembezoni. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Nililitazama hata nilipokuwa naandika bango la mteja wa kuku, nimemwandikia "KUKKU".

Mpaka saa nne, harufu. Harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko. Mke wangu akasema panya amekufa. Tukatoa kitanda, tukatoa kabati, tukafunua hadi kapeti la plastiki. Hakuna panya. Mwanyumba akaja na pua yake, akanusanusa kila kona kwa madaha kama daktari bingwa, akasema friji zake haziwezi kunuka hivi hata umeme ukikatika mwezi mzima. Nikajua mara moja: ni yeye. Kaficha nyama mahali ili anichafulie jina.

Kisha inzi mmoja akatua juu ya Nyota. Wakaja wengine. Nikainama, nikavuta pumzi ndefu ya kutosha. Machozi yalinitoka. Ni ua lenyewe!

Nikarudi mbio kwa yule jamaa wa video. Anasema ndivyo lilivyo. Ua hilo hujifanya nyama iliyooza ili liwaite inzi, ndio wanaolifanyia kazi ya nyuki. Kwa hiyo likinuka, lina afya. Na la kwangu linanuka hadi kwa fundi cherehani! Nilirukaruka kwa furaha. Mke wangu hakuruka. Amemchukua mtoto, amehamia kwa dada yake, upande wa geti. Jioni nimewaona kupitia dirisha, mwanyumba anammiminia mke wangu chai.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimeamka na wazo. Mama mkwe atoke safarini, apokewe na ua la ajabu ambalo pia linanukia! Nimelipulizia manukato ya mke wangu, chupa yote, ile aliyonunuliwa na mjomba wake. Sasa chumba kinanuka nyama iliyooza inayokwenda harusini. Lakini ni hatua.

Nimegundua pia kwamba vidole vimelainika kwa chini na kuwa vya kahawia. Nimevibonyeza, vinabonyea. Nadhani limenenepa.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Balaa. Nilimwita fundi cherehani aje aone, maana nilitaka shahidi. Nikalinyanyua Nyota kwa fahari. Sehemu ya juu ikabaki mkononi mwangu. Sehemu ya chini ikabaki kwenye ndoo. Fundi cherehani akasema ana suruali za watu, akaondoka.

Nilikaa sakafuni roho mkononi. Kisha nikajikaza. Mimi si ni fundi? Gundi ya mbao, njiti mbili, uzi. Palipokuwa na kahawia nimepaka rangi ya kijani ya mafuta, mara mbili. Ukisimama mlangoni na kufumba jicho moja, huwezi kujua. Linang'aa hata kuliko zamani!

Mama mkwe anarudi kesho. Uwani hapatazamiki, mtu akipita anaacha nyayo. Mwanyumba amekwisha.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe ameshuka kwenye teksi, geti likafunguka bila kelele, taa inawaka. Akasimama uwani. Viatu vyake vyeusi vikawa vya kijivu. Akauliza nani aliachiwa hapa. Nikamnyooshea mwanyumba kidole haraka sana. Mama mkwe akaninyooshea mimi.

Akasema alinipa ua. Ua wa nyumba. Kwamba huo ua niumwagie maji kila asubuhi ndoo nzima, vumbi lisiingie ndani. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba kosa ni la lugha, neno moja limebeba mambo mawili. Akanijibu kwamba alisema "huo ua", alisema "ua wote", na mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba hivyo haliitwi ua la chunguni. Mwanyumba alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Kisha akauliza Nyota yuko wapi, mbona dirishani hayupo.

Aliposhika kidole cha kwanza, rangi ikamganda mkononi. Cha pili kikaanguka. Hakufoka. Alikaa kwenye kitanda chetu, akaweka chungu mapajani, akasema marehemu baba yao alimvua Nyota soksi mbele yake siku aliyorudi kutoka ng'ambo, huku akicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye humpa Nyota kikombe kimoja tu, tena akikumbuka, na ndiyo maana hakumkabidhi mtu. Nyota hahitaji mtu. Nilisikia vibaya, kweli nilisikia vibaya. Nikasema nisamehe mama, na sikuwa na mpango wowote nyuma yake.

Akachagua kidole kimoja kilichokuwa kizima juu, akakikata kwa wembe, akakilaza juu ya gazeti kavu dirishani kwake. Anasema kikae hivyo wiki nzima mpaka kidonda kifunge, ndipo kichomekwe kwenye mchanga, bila tone la maji. Kikishika mizizi, Nyota amepona. Kuhusu chumba, ataamua Jumapili. Mpaka hapo kazi zangu ni mbili: kuurashia ua, wa nje, na kuhakikisha hakuna mkono wa mtu unaokigusa kile kidole. Kila apitaye ajue ni cha nani.

Mimi kuaminiwa tena! Leo nimejifunza somo la maisha: neno dogo lina uzito. "La" si "wa". Sitarudia kosa hilo mpaka naingia kaburini.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Wazo la mwaka! Kila apitaye ajue ni cha nani, alisema. Nani ataandika, kama si mimi? Jana usiku sikulala kwa hamu. Leo baada ya kurashia ua nimechukua ubao, nimeusugua msasa, nimepiga mistari. Maneno: UA LA MAMA MKWE. Herufi kubwa za kusomeka hadi ng'ambo ya barabara. Rangi nyekundu tu ndiyo iliyobaki, na imechuruzika kidogo kwa chini, lakini inavutia.

Ubao ulikuwa mfupi. Nilipofika mwisho, KWE haikuingia. Mwandika mabango asiye na uzoefu angebana herufi zikaonekana kama zimeshikwa na njaa. Mimi nikafuta, nikaanza upya, nikatoa neno dogo kuliko yote. Magazeti makubwa hufanya hivyo kila siku. Nani asiyejua kwamba ua ni la mwenyewe?

Limetoka safi: UA MAMA MKWE. Chini nimechora mshale mnene unaoelekea dirishani kwake. Nimelitundika ukutani upande wa barabara, yeye akiwa bado sokoni, iwe zawadi ya kumshtukiza.

Mafanikio ya papo hapo! Sikuwahi kupata wasomaji kama hawa. Watu wanasimama, wanasoma, wanaitana. Wa kwanza kuvuka barabara alikuwa fundi cherehani, ameacha suruali ya mtu kwenye mashine. Mama mmoja alifunika mdomo kwa kanga. Nikawapungia mkono, nikasema ndiyo, ni kazi yangu, ni mimi mwenyewe nimefikiria. Wakarudi nyuma hatua kadhaa kwa heshima.

Naandika haya nikiwa duka la vifaa vya ujenzi, nimefuata mchanga wa Nyota. Mwanyumba amenipigia simu. Sauti ilikuwa haitoki vizuri, sijui analia, sijui anacheka. Anasema nisirudi nyumbani leo. Kijicho tu. Nikamuuliza kama mama mkwe ameliona bango. Akasema amesimama mbele ya bango tangu aliporudi sokoni, na askari wawili wamesimama naye wanalisoma.

Hadi askari! Chumba ni changu.