Hotuba ya Uzinduzi wa Kituo cha Picha Zisizochuruzika

(Imetolewa na Mama Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Mtaa, katika ukumbi wa shule, kuanzia saa tano na robo asubuhi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Mkuu Mpokeaji wa Fomu za Watahiniwa, ambaye ulikuja asubuhi hii kuchukua fomu tu na sasa umejikuta kwenye meza kuu yenye kitambaa cheupe. Mheshimiwa dereva wa Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa mkoba wa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maana ndani yake mna mhuri. Mwalimu Mkuu wetu, ambaye nakuomba uache kutazama saa. Katibu wa Kamati yangu. Wajumbe wa Kamati yangu mliofika na mliotuma udhuru. Fundi cherehani, fundi viatu, wenye maduka ya upande wa jua na wa upande wa kivuli. Wazazi wa watahiniwa arobaini na mmoja. Watahiniwa wenyewe mliobanana pale dirishani. Na kwa namna ya pekee kabisa, mtoto wangu wa kwanza, binti niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili na akatoka akiwa amefumbua macho, Mtaalamu Mkuu wa Wino na Karatasi: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, Kamati itakutana. (Makofi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwanza niweke kumbukumbu sawa. Leo saa nne ulipozishika fomu zetu, ulizirudisha zote arobaini na moja, tena kwa haki kabisa, kwa sababu picha zilizobandikwa zilikuwa zimechuruzika wino kiasi kwamba mtoto wa mwenye duka la misumari alikuwa na pua mbili, na wale mapacha walikuwa wamekuwa mtu mmoja. Ukasema, nami nakunukuu kwa heshima zote, kwamba gari lako linaondoka saa sita kamili, na mtoto ambaye fomu yake haina picha inayoonyesha sura, mtihani ataufanya mwakani. (Minong'ono. Mama wa mapacha: "Mwaka mzima jamani!") Mwaka mzima, mwenzangu, umesikia vizuri. Ndiyo maana Kamati yangu, baada ya tafakuri ya kina na mashauriano ya dharura yaliyofanyika pale kwenye ngazi, imeona kwamba uzinduzi wa Kituo chetu cha Kisasa cha Uchapaji wa Picha, ambao siku zote tulisema utafanyika kwa wakati muafaka, basi wakati muafaka ndio huu. (Fundi viatu: "Kituo kipi tena?") Fundi, wewe ni mjumbe, kaa chini, utakikumbuka kadiri tunavyoendelea. (Kicheko.)

Kwa mamlaka niliyopewa, namwagiza Mtaalamu Mkuu aichukue simu ya Mwalimu Mkuu yenye picha za watoto, apite mlango wa nyuma, pale penye pazia, akawashe mitambo. Nenda, mwanangu. Usikimbie, vaa kwanza kandambili yako vizuri. (Binti anatoka mbio.) Mnamwona? Ndivyo alivyo tangu mdogo. Ukimtuma, umeshatumikiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuona umeshika mkoba. Kwa utaratibu tuliouzoea sote, mgeni rasmi haondoki kabla ya kukata utepe, utepe haukatwi kabla ya hotuba kwisha, na hotuba ndiyo kwanza imeanza. (Makofi mazito. Afisa anakaa.)

Sasa niingie kwenye utaalamu. Mimi shule niliiacha mapema, sifichi, lakini nimezaa mtaalamu, na huwezi kumlea mtaalamu miaka ishirini na sita bila na wewe kubaki na kitu kichwani. Binti yangu ana miaka sita katika sekta ya picha. Ananieleza nikiwa nakuna nazi, nami naelewa. Printa hizi, Mheshimiwa, hurusha wino kwa vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, matone kwa matone, rangi nne: samawati, waridi, njano na nyeusi, na kwa hizo nne tu zinatengeneza rangi zote za dunia, pamoja na rangi ya suti yako, ambayo kwa kweli mimi sijui inaitwaje. (Kicheko. Afisa anaitazama suti.)

Na wino huo, kwa mujibu wa utafiti wa kina, uko wa aina mbili. Upo ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kama sukari kwenye chai. Huo hunywewa na karatasi, unapendeza mno, bibi harusi anaonekana kama anataka kutoka kwenye fremu, lakini ukidondokewa na maji au ukianikwa dirishani juani, unahama. Na upo wa chembechembe, ambao rangi haikuyeyuka bali imesagwa laini kuliko poda ya mtoto mchanga. Huo hukaa juu ya karatasi, haushtuliwi na tone la maji, haupauki upesi, mjukuu atakuja kuiona picha na bibi bado ana nyusi. Kituo chetu, katika mpango mkakati wake, kimejielekeza kwenye wino wa chembechembe kwa asilimia mia moja na nne. (Katibu: "Na nne, Mama?") Na nne, Katibu. Andika. Tumevuka lengo.

(Mwalimu Mkuu, kwa sauti ya chini: "Mama, saa tano na nusu.") Tumepokea taarifa ya Mwalimu na tunaifanyia kazi.

Nikigeukia karatasi, Mheshimiwa, hapa ndipo watu wengi huanguka. Karatasi ya kuandikia barua ina gramu themanini kwa kila mita ya mraba, ni nyepesi, ukiirushia wino inalowa, wino unatambaa kama mchwa. Karatasi ya picha yenyewe ni gramu mia mbili na zaidi, ukiishika inakuheshimu. Ipo inayong'aa, ambayo rangi zake zinawaka lakini kila kidole kinaacha alama. Ipo isiyong'aa, tulivu, nzuri kwa mtu anayetaka mikunjo yake isisemwe. Na ipo ya katikati, yenye mng'ao wa mbali, ambayo binti yangu anasema ni ya watu wazima. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuwa Kituo kimepanga kukuchapia picha kubwa ukiwa unakata utepe, tungependa kujua kabla hatujasonga mbele: wewe sura yako tuiweke kwenye karatasi ipi? (Afisa anafikiri. Afisa: "Ile... ile inayong'aa.") Inayong'aa! (Makofi, vigelegele.) Nilijua. Nilimwambia Katibu, yule ni mtu wa kung'aa.

Na ukubwa wake, Mheshimiwa? (Afisa: "Kubwa. Ya kutundika ofisini.") Basi hapo lazima nikueleze jambo la nukta, kwa sababu picha ya simu ukiivuta iwe kubwa kuliko uwezo wake, sura inakuwa kama ukuta wa vigae. Zinatakiwa nukta mia tatu katika kila inchi. Tutakuja kuzihesabu pamoja, ikibidi. Dereva, mbona umesimama? (Dereva: "Nakwenda kupasha gari moto.") Gari lililokuja hapa leo limeshapata moto wa kutosha. Fundi cherehani, mpe mheshimiwa dereva kile kiti chako chenye mto. (Dereva anakaa, anaonekana kuridhika.)

Sasa, kama ilivyo ada ya uwazi na uwajibikaji, sina budi kueleza chanzo cha kuchuruzika kwa zile picha za mwanzo. Uchunguzi wa Kamati umebaini kwamba karatasi ya picha ina uso na mgongo. Uso umepakwa utando unaopokea wino. Mgongo haukupakwa kitu. Wataalamu hulowesha kidole kidogo tu, wakagusa pembe moja ya karatasi, na upande unaonata ndio uso. Ilibainika kwamba juzi, wakati Mtaalamu amekwenda kununua gundi, karatasi ziliingizwa kwenye printa mgongo juu, na ofisa mwandamizi ambaye alikuwa anasaidia kazi bila kuombwa. (Sauti kadhaa: "Nani huyo?") Hatua stahiki zinachukuliwa. (Baba wa mapacha, amesimama: "Hapana, tunataka jina! Watoto wetu wapotezewe mwaka, halafu tuambiwe ofisa mwandamizi? Mtaje!")

Ni mimi, baba mapacha.

Nilimwona mwanangu amechoka. Alikuwa amesimama tangu alfajiri anawapanga watoto, kidevu juu, kola sawa, na bado zilibaki kurasa za kuchapa, nikasema nimpunguzie. Nilijua kwamba karatasi inalambwa kidogo kujua uso uko wapi. Nikazilamba. Nililamba zote, pakiti nzima, kila moja katikati, ulimi wenyewe siyo kidole, na zikaninata pande zote kwa sababu nilikuwa ninakula embe. (Kicheko kinaanza, kinazuiliwa, kinashindikana kuzuilika.) Chekeni. Zikatoka zinapendeza! Nikazibandika kwenye fomu mwenyewe kwa majigambo, nikamwambia Mwalimu kuwa kazi imekwisha. Binti aliporudi hakunigombeza. Alizitazama tu, akasema, "Mama, zikikutana na unyevu hizi hazifiki." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Usiku kukanyesha, na lile dirisha la ofisi ya Mwalimu lisilofungika mnalijua. Kwa hiyo wanaotaka jina, jina mnalo, na baada ya saa sita nitakuwa nyumbani kwangu, mje mmoja mmoja au kwa makundi. Lakini kwa sasa, baba mapacha, nakuomba ukae, kwa sababu nikinyamaza mimi hapa mbele, mgeni wetu ataondoka.

(Baba wa mapacha anautazama ukumbi. Anamtazama Afisa. Anaendelea kusimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijakaa, naomba kuchangia hoja kwa kirefu.") Changia, baba, changia! (Baba wa mapacha anachangia kwa dakika sita kuhusu umuhimu wa karatasi katika maisha ya binadamu. Fundi viatu anaunga mkono hoja kwa dakika nne, akieleza kwamba sasa amekikumbuka Kituo vizuri sana. Kina mama wanapiga vigelegele vinavyopokezana kuanzia mstari wa mbele hadi wa nyuma na kurudi.)

(Afisa anasimama. "Mama Mwenyekiti, ni saa sita kasoro dakika kumi. Utepe uko wapi?") Utepe, Mheshimiwa, uko njiani kuelekea mahali pake, kwa sababu Katibu ameufunga upande mmoja na upande wa pili anatafuta msumari. Katibu, msumari umepatikana? (Katibu: "Bado tunautafuta kwa pamoja, Mama.") Wakati huo huo niwasilishe malengo ya awamu ya pili, ambayo yako kumi na tisa. Lengo la kwanza lina vipengele. Kipengele cha kwanza...

(Mlango wa nyuma unafunguliwa. Binti anaingia ameshika sinia kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, kandambili moja haipo. Juu ya sinia zimepangwa picha. "Zishikwe pembeni tu," anasema. "Mwalimu, gundi kidogo, usibonyeze katikati.")

Kipengele cha kwanza kimetekelezwa! (Ukumbi mzima unasimama.) Mwalimu, bandika. Watahiniwa, tokeni dirishani, mnazuia mwanga. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu ukague, hii ndiyo sehemu yako. Huyo mwenye pua moja ni mtoto wa mwenye misumari. Hao ni mapacha, wawili, hesabu. Chovya kidole kwenye glasi yako ya maji, uguse hapo pembeni. Gusa tu! (Afisa anagusa. Anatazama kidole. Kidole hakina wino.) Mnaona? Mwanangu huyo! Mwanangu mimi! (Mhuri unasikika. Watu wanahesabu kwa sauti, moja hadi arobaini na moja. Wa mwisho unagongwa saa sita kasoro dakika moja.)

Basi waheshimiwa, nihitimishe. Sura wazi! (Ukumbi: "Mtihani wazi!") Wino mkavu! ("Mama mkavu!") Hilo halikuwemo, lakini tumelipokea.

Nitoe shukrani. Namshukuru Babu Cheka, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, ambaye binti yangu ni mfanyakazi wake, na ambaye printa ni yake, wino wa chembechembe ni wake, karatasi ni zake, na alifunga duka saa tano na robo asipokee mteja mwingine yeyote mpaka sinia lile litoke. Nawashukuru waliotuazima pazia hili zuri, ambalo nyuma yake pana viti vilivyovunjika miguu na mlango wa kutokea barabarani. Naishukuru Kamati yangu, ambayo haijawahi kukutana hata siku moja kujadili Kituo cha Kisasa cha Uchapaji wa Picha, kwa kuwa jina hilo Katibu amelisikia leo pamoja na ninyi. Kituo hakipo, jamani. Hakikuwahi kuwepo. Hakina awamu ya kwanza, seuze ya pili.

(Afisa: "Hakipo? Mama! Mimi nimekaa hapa nimeshaandika kwenye ripoti yangu kwamba kituo kimekaguliwa na kinafanya kazi kwa ufanisi mkubwa!")

Usifute hata nukta, Mheshimiwa. Katika vituo vyote ulivyowahi kuviandika kwenye ripoti hiyo, hiki ndicho cha kwanza kutoa picha. (Kicheko kikubwa. Afisa anajaribu kununa, anashindwa.) Na yako ya kung'aa Babu Cheka ataichapa, nimeshamwahidi kwa niaba yako kwamba utapita.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Dereva, mwanangu, inuka kwenye huo mto. Washa gari.