Mkono Uliokataa Kuvimba

Jumatatu, 13 Januari 1969
Goweko. Palizi ya shamba la kijiji. Mahindi haba, majani tele. Leo nesi Veneranda amekuja kutoka Tabora kutuchanja ndui, wakubwa kwa wadogo. Akaagiza kwamba atakayevimba mkono au kushikwa na homa asishike jembe, akae kivulini penye jiko. Jiko! Anapopikia Mwamvita, mjane ninayemtaka tangu Idi. Nikajitokeza wa kwanza. Watu walidhani ni uzalendo.

Jumanne, 21 Januari
Mkono mzima. Umewasha kidogo, basi. Selemani seremala kavimba, ana homa, na sasa anamchambulia Mwamvita maharage! Nimepalilia nikiwaona wakicheka. Roho imeniuma.

Nikaenda kulalamika kwa nesi kwamba dawa yangu ilikuwa maji. Akatazama kovu langu la utotoni.

“Ndugu Abbasi, wewe ulichanjwa zamani. Askari wa mwili wako wanamjua adui huyu kwa sura. Wamemmaliza mlangoni.”

Selemani, akasema, mama yake alimficha utotoni wachanjaji walipopita, kwa hiyo askari wake ndiyo kwanza wanajifunza vita. Kuvimba ndiyo vita yenyewe. Yaani aliyejificha ndiye anayekaa kivulini!

Ijumaa, 24 Januari
Nimechokonoa chanjo kwa mwiba, nikapaka udongo. Hakuna aliyeniona.

Jumapili, 26 Januari
Umevimba! Umevimba kupita kiasi. Homa, usaha. Nesi anasema usaha ni maiti za askari wangu, waliokufa kwa ujinga wa jemadari wao. Jikoni sikupelekwa. Nimelazwa zahanati, nachomwa sindano za matako. Dirisha linatazama choo.

Jumatano, 29 Januari
Mwamvita ameniletea uji. Nikajua nimeshinda. Akanipa pole, kisha akanieleza kwamba Selemani amepeleka posa kwa mjomba wake, na yeye ameridhia. Nikamuuliza yule ana nini nisichokuwa nacho.

“Yeye hakujichoma mwiba,” akasema.

Kumbe kijiji kizima kinajua. Alipoondoka nililia. Uji niliumaliza.

Alhamisi, 30 Januari
Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: nilichagua ugonjwa ambao askari wangu wanaukumbuka. Na harusi ni baada ya mavuno, bado mbali. Nikamuuliza nesi, kwa ujanja, ni maradhi gani huwapoteza askari maboya kila mara. Akasema mafua, maana huja na sura nyingine kila yanapokuja.

Mwenyekiti Masele anapiga chafya tangu jana. Jioni nakwenda kumjulia hali. Nitamkumbatia.