Insha Thelathini na Nane za Kunisifu

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu Mkuu, Mama Juliana, katangaza: nafasi ya mwalimu wa taaluma ipo wazi. Alhamisi anakuja Nkuba, mthibiti ubora wa wilaya, kumuuliza kila mmoja kilichomvuta kwenye ualimu. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Devota. Devota atalia. Huwa analia akiwataja watoto. Mimi nitasemaje? Nilitaka chuo cha misitu, alama zikagoma, nikaangukia ualimu. Likizo ndefu, nikapanda mipaina yangu, miti ya mbao. Hilo halisemeki!

Jumanne, 11 Machi
Nimepata! Sitajisifu, nitasifiwa. Nimewapa Darasa la Sita insha: "Kwa nini nataka kuwa mwalimu kama Mwalimu Sosthenes." Devota kachungulia dirishani, kauliza kama mada hiyo imo kwenye muhtasari. Wivu tu!

Jumatano, 12 Machi
Insha zimeletwa, zote thelathini na nane. Ningezisoma, lakini mvua imekatika na magugu shambani kwangu yamefika magotini. Nimewapeleka watoto kama kawaida, hesabu kwa vitendo. Tumehesabu mistari ya miti, tumezidisha, tumepalilia. Hasa wao. Insha nimezifunga kamba, nikamwekea Mkuu mezani.

Alhamisi, 13 Machi
Devota kalia, kama nilivyosema. Mimi nikamwambia Nkuba, kwa unyenyekevu, kwamba watoto wenyewe watanisemea. Akafungua ya Jofrey, akasoma kwa sauti. Jofrey anataka kuwa mwalimu ili awe na shamba la miti na watu thelathini na nane wa kulipalilia bure. Ya pili ilisema mwalimu haumwi mgongo, wanaoumwa ni wanafunzi. Ya tatu ilikuwa na mchoro. Mimi, nimelala chini ya mpaina, kofia usoni! Nilitamani ardhi inimeze. Mama Juliana alivua miwani, akaifuta muda mrefu sana. Nafasi kapewa Devota. Mimi nimepewa barua ya onyo, na kila Jumatatu Devota atakagua andalio langu la somo. Devota!

Ijumaa, 14 Machi
Nimerudishiwa insha. Nimesoma ya mwisho, ya Tumpe. Anasema alikuwa anaogopa hesabu, mpaka siku nilipomwonyesha jinsi ya kukadiria mbao za mti mmoja. Sasa anataka kufundisha hesabu, kwa sababu Mwalimu akiwa kwenye miti yake hakasiriki mtu akikosea. Nimesoma mara mbili. Miaka kumi na moja ya chaki, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Mtoto ana kichwa huyu. Haifai kumwacha hivihivi. Nimemwagiza aje shambani kesho asubuhi, tuendelee na makadirio. Aje na jembe.