Ombi la Kusajili Ua Wangu Kuwa Bwawa

Ndugu Msimamizi wa Ramani ya Mabomba ya Mji,

Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu pacha mmoja analowa. Nikimbadilisha, mwenzake anaona wivu, naye analowa. Hata sasa naandika huku mguu ukibembeleza kitanda, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usidhani nimekosa adabu.

Bomba limepasuka uani kwangu. Maji yanabubujika ardhini, jikoni hayatoki hata tone, na nepi za watoto wawili zimejaa beseni zinanitazama. Fundi wenu alikuja, nashukuru. Tatizo ni ramani iliyo kwenye simu yake, yenye matabaka yanayofunguliwa moja moja: la nyumba, la barabara, la mabomba na kadhalika.

1. Tabaka la nyumba linafunguka. Tabaka la barabara linafunguka, hata kichochoro ambacho mbuzi hupita kwa kubanana. La mabomba tu ndilo linagoma. Fundi, maji yakiwa yamemfika vifundoni, kaniambia, "Mama Pacha, hapa sioni bomba." Nikamwonyesha miguu yake. Akasema miguu si ushahidi. Amri ni kutochimba mpaka ramani ionyeshe. Nikampa taulo, maana naye ana mama yake.

2. Dada yenu wa huduma kwa wateja kanielekeza kwa upole: fungua ukurasa upya, futa kumbukumbu za kivinjari, sogeza ramani karibu. Nimefuta kwenye simu yangu, ya baba watoto, na ya wifi yangu, ambaye sasa hawezi kuingia kwenye akaunti yake hata moja na hanisemeshi. Nimesogeza ramani karibu hadi nikaliona paa langu na nguo nilizosahau kuanua. Bomba hakuna.

3. Mama mkwe kashauri tuyahamishie maji mahali ambapo ramani inafunguka. Tumejaribu kwa fagio na ndoo. Maji hayana masikio.

4. Bata wa jirani wamehamia kwangu. Nilipowafukuza, jirani akaniambia kwa ukali nisiwasumbue bata kwenye bwawa lao. Hapo akili ikanijia. Tabaka la mabwawa nimelijaribu: linafunguka kabla hujapiga chafya!

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ua wangu usajiliwe kuwa bwawa. Bwawa katikati ya makazi ni hatari, wakubwa watakuja kulikausha, na wakilikausha watajikwaa kwenye bomba. Mimi sioni kasoro katika hoja hii. Wewe ukiiona, njoo unionyeshe hapa hapa, ila viatu uvulie mlangoni.

Mimi si mgomvi, ndugu yangu. Lakini ramani haifui nepi.

Wasalimie wote ofisini, na dada yule mpole umwambie wifi bado amenuna. Wanangu wanakusalimu, mmoja kwa kelele.

Ni mimi, miguu ndani ya maji na heshima juu ya maji,
Mama Pacha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, fundi kaja mbio akishangilia: tabaka limefunguka! Linaonyesha bomba halipiti kwangu kabisa, linapita mtaa wa pili, nako ni kukavu. Kaniambia basi niondoe wasiwasi, kakunjua suruali, kaenda kuchimba huko. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Tafadhali lifungeni hilo tabaka upesi. Ninachohitaji bado mniletee ni hiki: sururu moja, kiungio cha bomba, na fundi mwingine, asiye na simu.